Mama Mkwe Kasema Hanijui

Mkono ulionikaba ukosi wiki iliyopita bado haujaniachia, kwa hiyo naomba mnicheke polepole.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni fundi wa friji, nina mke mmoja na mama mkwe mmoja, na wananitosha. Mke wangu alinunua tiketi mbili za meli ya watalii, yangu na ya mama yake, akasema mwaka mzima tunakwepana sebuleni, tukazoeane baharini. Siku ya kwanza begi langu likashushwa bandari nyingine pamoja na nguo zangu zote. Siku ya pili simu yangu ikatumbukia majini wakati namtafutia mama mkwe mtandao. Siku ya tatu tukashuka kwenye jiji moja kubwa la bandari, tutembee asubuhi na kurudi melini kabla ya saa kumi alasiri. Nikanunua simu mpya pale gatini, nikatembea kidogo, nikakamatwa.

Mambo mengine ni aibu kuyasema gazetini. Mhariri ameniambia aibu ndiyo inayouza, basi nasema.

Kabla hatujashuka, ofisa wa meli alitupa mawaidha kwa kipaza sauti. Msivae dhahabu. Msiduwae katikati ya barabara mkitazama majengo. Msimpe pasipoti mtu asiye na sare, kuna matapeli mjini wanaojifanya polisi. Abiria wengine walikuwa wanatafuna na kupiga miayo. Mama mkwe alisikiliza kama anasomewa wosia.

Mjue kwamba mama mkwe ni mtunza stoo mstaafu wa shule ya bweni. Kwake yeye kila binadamu ni mwizi wa sukari, bado tu hajashikwa. Mawaidha ya ofisa aliyaona mepesi, akaongeza ya kwake.

"Baba," akaniambia. Yeye huniita baba, mimi namwita mama, ndiyo heshima yetu. "Mwizi akituona pamoja, katuona wote. Mimi natangulia, wewe kaa nyuma hatua kadhaa. Hatujuani. Wakinivamia mimi, wewe unapiga kelele."

"Na wakinivamia mimi?"

"Mimi nakwenda kuita polisi."

"Kelele atapiga nani?"

"Wewe mwenyewe. Si una mdomo?"

Kisha akanipa pochi yake ya maua, niitie mfuko wa ndani wa koti. Alisema mwizi hutafuta pochi ya mama kwa mama, hakuna atakayeitafuta kwa mwanamume. Pasipoti zote mbili akazificha mwenyewe, mahali ambapo mkwe hatakiwi hata kupatupia jicho.

Nilikubali. Ukishakula chakula cha mtu miaka yote hiyo na kumchukua binti yake, hubishani naye juu ya pochi.

Basi ndivyo tulivyotembea asubuhi nzima. Yeye mbele na mkoba wake mtupu, mimi nyuma na macho yangu kwenye mkoba. Akisimama kwenye duka la kamba za meli, nasimama. Akivuka, navuka. Mke wangu alikuwa ameniagiza picha za mama yake, nami nikawa napiga kwa huko huko nyuma.

Sasa niambieni ninyi mlioko nyumbani na akili zenu timamu. Ukimwona mwanamume anamfuata bibi mgeni mtaa hadi mtaa, akisimama anasimama, macho kwenye mkoba, utasema ni nani huyo? Na mimi leo nakubali kwamba ni mwizi.

Muuza miwani ya jua aliona hivyo hivyo. Ndiye aliyemwita jamaa mmoja mnene mwenye shati la maua, na jamaa ndiye aliyenikaba ukosi.

"Nimemwangalia tangu kule kwenye kamba," muuza miwani akawa anawaeleza watu walioanza kujaa. "Mama kainama kufunga kiatu, naye kainama kufunga kiatu."

"Sasa kuna ubaya gani?" nikauliza.

"Umevaa kandambili."

Watu wakatazama miguu yangu. Ni kweli, viatu vyangu viko kwenye begi, na begi liko bandari nyingine. Ningewaeleza, lakini hadithi yenye mabegi na bandari mbili haisikilizwi na mtu aliyekukaba.

"Za mwizi arobaini," akasema mmoja nyuma yangu, kwa sauti ya mtu aliyeridhika kabisa.

"Mimi ni polisi," akasema Shati la Maua. "Toa mikono mfukoni."

"Afande, mnakosea. Yule ni mama mkwe wangu."

Nikamwonyesha kwa kidole. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, ameukumbatia mkoba, ananitazama mimi, halafu lile shati. Lilikuwa na maua mekundu na kasuku. Sare halikuwa. Nikaona kabisa mawaidha ya ofisa wa meli yakimpanda kichwani.

"Mama," Shati la Maua akamwuliza kwa adabu, "huyu ni mkweo?"

"Simjui," akasema mama mkwe.

Hakupepesa hata jicho. Nimeishi na mwanamke huyu, nimemtengenezea friji yake bure, nimemshikia mwavuli kwenye misiba. Simjui.

Shati la Maua akaingiza mkono kwenye koti langu na kutoa pochi ya maua. Umati ukaguna. Akaifungua hadharani: kopo la dawa ya kuchua, miwani ya kusomea, na picha ndogo ya mama mkwe mwenyewe, ya enzi za stoo, akiwa amekunja uso.

"Hii pochi ni yako, mama?"

"Ni yangu."

"Basi twende kituoni."

"Mimi siendi na mtu nisiyemjua," akasema mama mkwe. Kisha akaiona pochi yake inaingia kwenye mfuko wa suruali ya mtu. "Lakini pochi yangu haiendi popote bila mimi."

Kituo chenyewe kilikuwa kontena lililotobolewa dirisha, limewekwa kando ya geti la bandari, ndani lina meza, benchi na feni. Nilipoingia tu niliona ukuta ulivyo mnene. Lilikuwa kontena la friji, la kusafirishia nyama. Ni kazi yangu, nayajua, na najua kwamba ukipiga kelele humo ndani, nje hawasikii kitu.

Nyuma ya meza alikaa sajenti mwanamke, sare yake imepigwa pasi mpaka inakata. Nikashukuru Mungu. Nikasema sasa mama ameona sare, mambo yamekwisha.

"Mama," sajenti akasema, "mtazame vizuri. Usiogope, hatakugusa."

"Bila miwani sioni vizuri, mwanangu."

Sajenti akamtolea miwani kwenye pochi. Mama mkwe akaipangusa kwa ncha ya kitambaa chake, akaivaa, akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya dawa yake ya kuchua. Akanikagua kuanzia kandambili hadi kichwani. Nikamtabasamia. Moyo wangu ukaanza kupata nafuu.

"Sasa namwona vizuri," akasema.

"Unamjua?"

"Hata kidogo."

"Alikuibia pochi?"

"Sijasema kaniibia. Nimesema simjui."

"Sasa pochi yako ilifikaje kwenye koti lake?"

"Hilo mwulizeni yeye. Mimi sikai kwenye koti lake."

Shati la Maua akacheka. Sajenti akamwambia akamletee mama maji, na yeye mwenyewe akageuka kumjibu mtu dirishani. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikainama kidogo.

"Mama, hawa ni polisi wa kweli."

"Yule wa kasuku?" akanong'ona bila kufumbua mdomo.

"Huyu ana sare."

"Sare inashonwa na fundi yeyote."

"Mama, hii ni ofisi yao."

"Hili ni kontena. Baba, nyamaza, usituharibie. Mimi nikitoka humu naenda kutafuta polisi wa kweli, nakuja kukutoa."

"Na meli je?"

"Meli isikuumize kichwa. Pasipoti ninazo mimi."

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Akitoka mle, atazunguka jiji zima akitafuta polisi wanaomridhisha, na hakuna polisi duniani anayemridhisha. Saa kumi itapita. Meli itaondoka na chakula chetu cha jioni, mimi nitalala kwenye kontena la nyama, na yeye, mwanamke mzima wa umri ule, atakuwa peke yake mitaani, hajui hata jina la mtaa. Siku ya kuondoka nyumbani mke wangu aliniambia neno moja tu: nirudishie mama yangu mzima.

"Wewe," sajenti akageuka. "Unamnong'oneza nini mama wa watu? Unamtisha?"

"Hapana, afande. Naongea na mkwe wangu."

"Basi thibitisha. Pasipoti yako iko wapi?"

"Anayo yeye."

"Kaiweka wapi?"

Nikamtazama mama mkwe. Akanitazama. Kuna maneno ambayo mkwe hayasemi hata akichomwa moto.

"Siwezi kusema," nikajibu.

"Huwezi kusema," sajenti akarudia taratibu. "Mama, unayo pasipoti ya huyu?"

"Pasipoti ya mtu nisiyemjua naipeleka wapi?"

Mla nawe hafi nawe, wazee walisema, na mimi siku hiyo nilianza kuliona kaburi langu nikiwa peke yangu ndani yake.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikamwambia sajenti nitamweleza mambo ya mama huyu ambayo mtu baki hawezi kuyajua. Hanywi chai yenye sukari, kwa sababu alilinda sukari mpaka akaichukia. Haingii kwenye lifti. Akilala mchana hulalia ubavu wa kushoto, na redio iwe imewashwa, ukiizima anaamka. Hufunga mlango wa nyuma, anakwenda chumbani, kisha anarudi kuuangalia tena.

Nilisema yote kwa mpigo, nikiwa na furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu.

"Umemfuatilia kwa muda gani?" sajenti akauliza.

Nikaanza kuhesabu miaka ya ndoa kwa vidole.

"Mpaka mlango wa nyuma," akasema Shati la Maua, akimpa mama mkwe maji na kumsogezea benchi mbali na mimi. "Huyu ni wa hatari. Hebu tuone simu yake."

Wakaifungua simu yangu mpya. Haikuwa na picha ya mke wala ya nyumba, haikuwa na chochote isipokuwa kazi yangu ya asubuhi. Shati la Maua akawa anazipitisha kwa kidole na kusoma kama anahesabu magunia.

"Mgongo. Mgongo. Mgongo. Hapa kainama. Mgongo. Huu mkoba kwa karibu."

Hata mama mkwe alinyoosha shingo kutazama. "Hiyo ya mkoba imetoka vizuri," akasema.

"Afande," nikasema, "nipigie mke wangu. Namba yake naijua kichwani. Ni binti wa huyu mama. Mwulize yeye, akinikana na yeye nifunge hata mwaka."

Maneno hayo ya mwisho nisingeyasema leo hata kwa dawa.

Sajenti akafikiri. Akaweka simu yake mezani. "Nampigia mimi. Naweka spika. Wewe ukifungua mdomo nakata. Nataka aseme mwenyewe bila kufundishwa."

Nikamtajia namba. Mama mkwe akasimama, akafunga mkoba wake, akavuta kitambaa chake vizuri. Alikuwa anajiandaa kwenda kutafuta wale polisi wake wa kweli.

Simu ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Halo," akasema mke wangu, na nilivyoisikia ile sauti nilitaka kulia.

"Habari za saa hizi, dada. Napiga kutoka polisi ya bandari." Akataja jiji. "Tuna mwanamume hapa, anasema ni fundi wa friji, na kwamba yeye ni mume wako. Unamfahamu?"

Kisha mke wangu akacheka.

"Na ninyi matapeli, leo mmeamka na hiyo? Sasa mtasema kapata ajali, nitume hela ya matibabu?"

"Dada, hii ni polisi."

"Jana alipiga mwingine, alikuwa daktari. Tafuteni kazi. Mume wangu yuko hapa mezani, anakunywa chai."

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa fahari. Yeye ndiye aliyemfundisha: mtu akikwambia mumeo yuko mbali na ana shida, mwambie yuko karibu na ana afya. Mimi mwenyewe, kwa shida niliyokuwa nayo, nilijikuta natabasamu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Huyo ndiye mwanamke niliyemuoa, haibiwi hata senti.

Lakini sajenti naye hakuzaliwa jana.

"Vizuri," akasema. "Kama yuko hapo mezani, mpe simu."

Nikajua sasa amebanwa. Atababaika, atakata simu, sajenti atajua ni uongo wa kujilinda, na mimi nitapata angalau nusu ya ushahidi. Nilifumba macho nikasubiri ababaike.

Hakubabaika. Nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani.

"Halo," ikasema sauti ya mwanamume. "Mimi ndiye mume. Mnataka nini na mke wangu?"

Ilikuwa sauti nzito, tulivu, ya mtu aliyeshiba. Haikuwa na haraka. Nyuma yake nilisikia friji yangu ya jikoni ikinguruma, ile niliyoifunga kompresa mimi mwenyewe. Friji hiyo naijua kwa sauti popote ilipo. Ilikuwa jikoni kwangu, na huyo mtu alikuwa kando yake.

Shati la Maua aliacha kutabasamu. Sajenti alinitazama, na sijui aliona nini usoni kwangu, maana aliinua mkono wake taratibu akauweka juu ya meza, karibu na wangu.

"Mnasikia?" ikasema sauti. "Msipige tena hapa."

Nikageuka kumtazama mama mkwe, nikitegemea atikise kichwa tena, aseme mwanangu ni mjanja, kamwita jirani, kamwita fundi bomba, kamwita yeyote.

Mama mkwe alikuwa ameketi. Mkoba ulikuwa umeanguka miguuni pake na hakuuokota, mwanamke ambaye hajaangusha kijiko tangu nimfahamu. Alikuwa anaitazama ile simu kama kitu kilichomng'ata.

"Kata, mwanangu," akamwambia sajenti. "Nakuomba, kata."

Sajenti akakata.

Mama mkwe akageukia ukuta. Akahangaika ndani ya nguo zake, na sote tukatazama feni. Aliporudi alikuwa na pasipoti mbili mkononi, bado zina joto. Akaziweka mezani moja juu ya nyingine, yangu juu.

"Huyu ni mkwe wangu," akasema. "Kamuoa binti yangu. Pochi nilimpa mimi, kumfuata nilimwambia mimi. Mwachieni."

Tangu nikabwe ukosi nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo. Sasa nilitaka ayarudishe alikoyatoa.

"Mama," nikasema, "hunijui. Ulisema hunijui. Waambie hunijui."

"Nakujua, baba."

"Hapana, mama. Mimi ni mwizi, nilikufuata kutoka duka la kamba. Watu waliniona."

Alinyanyuka, akanijia, akanishika mkono, yeye ambaye tangu nimuoe binti yake tunasalimiana kwa mbali, kila mmoja na upande wake wa sebule. Kiganja chake kilikuwa baridi. Shati la Maua akatufungulia mlango akatazama chini.

Nje jua lilikuwa kali na malori yalikuwa yanapanga foleni getini. Muuza miwani alituona tukitoka tumeshikana mikono, akaacha kuita wateja. Honi ya meli ikalia, ya kwanza, ya kuita abiria.

Nikasimama. "Mama, sauti ile unaijua."

"Tembea, baba."

"Ni ya nani?"

Aliendelea kunivuta kuelekea gatini, bila kugeuka, safari hii bega kwa bega.

"Tupande meli kwanza," akasema. "Nikikwambia hapa, hutapanda."